Taa Kinywani mwa Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa giza!

Giza la nani?

— La mwenye tochi bila betri!

Na mwenye betri bila tochi?

— Naye yuko gizani, ila yeye ana matumaini!

Na sisi je?

— Sisi tuna digrii ukutani. Msumari ndio umepata kazi!

Basi sogeeni. Wewe wa simu, izime kidogo. Hadithi ya taa haitaki mashindano.

Hapo kale, si kale sana, palikuwa na mto uitwao Kivurugo. Kiangazi mto huo ulikuwa mpole, mnyama akivuka halowi magoti. Lakini vuli ikianza, lo! Maji yalishuka kutoka milimani, gudu-gudu-gudu, yakabeba magogo, yakabeba mawe, yakabeba na matusi yote ya watu wa juu. Aliye huku akabaki huku. Aliye ng'ambo akabaki ng'ambo. Ukiita, mto unameza sauti yako na hauombi radhi.

Ndipo wanyama wa Kivurugo wakawa na mila yao: taa za vuli. Mawingu yakishaziba nyota, jua likishazama, kila nyumba ilishuka mtoni na taa yake. Nungunungu aliwakaribisha vimulimuli wakae kwenye miiba yake, akawaka kama harusi inayotembea. Kobe alibandika gambani uyoga unaong'aa. Ngiri alivaa koti la kumetameta aliloliokota kwa wapima barabara, koti ambalo lenyewe haliwaki ila ukilimulika linakurudishia; na Ngiri, kwa sababu ya koti tu, akaanza kuzungumza kama meneja wa mradi. Watoto walichezea vipande vya mti uliooza, ule unaotoa mwanga wa kijani, wakavirusha juu, wakavidaka, wakavirusha tena. Vuli ilikuwa baridi, ilikuwa matope, ilikuwa mbu. Lakini jioni zake, jamani! Jioni zake zilikuwa tamu.

Ila taa hazikuwa za mchezo tu. Kila nyumba ilikuwa na mmuliko wake. Kwa Ngiri: mfupi, mrefu. Kwa Kobe: mrefu, mrefu, na mwingine mrefu, maana haraka ya nini. Kwa Komba: mfupi, mfupi, mreeefu. Wa huku anamulika, wa ng'ambo anajibu, na tafsiri yake ni moja tu: bado nipo. Mrefu mmoja peke yake haukuwa wa nyumba yoyote. Huo ulikuwa wa wote: maji yanapanda, kimbieni!

Na sheria ilikuwa hii. Mvua ikinyesha wiki baada ya wiki, kuna siku kumbikumbi wanatoka ardhini na kuruka. Siku hiyo ndiyo mwisho. Nyumba ambayo haijamulika hata mara moja mpaka kumbikumbi wanaruka, imechukuliwa na maji. Ng'ambo wanaanza matanga. Mke anakaa eda. Eda ikiisha maisha yanaendelea, na wewe uliye hai huku unaendelea kuwa marehemu.

Mnanisikia?

— Tunakusikia, endelea!

Basi palikuwa na Komba. Mwembamba, macho kama visahani, mkia mrefu kuliko mipango yake. Mkewe aliitwa Nyamvula. Siku moja Nyamvula alivuka ng'ambo kwenda kumwuguza mamake.

"Nakaa kidogo tu," alisema. "Usinywe pombe ya mnazi na kina Ngiri."

"Mimi? Pombe? Mama watoto, unanijua vibaya."

"Watoto gani? Hata mmoja hajazaliwa. Na nakujua vizuri. Ndiyo maana nasema."

Akaenda. Jioni ileile mvua ikapiga milimani. Gudu-gudu-gudu. Komba alisimama ukingoni, akatazama njia aliyopita mkewe ikigeuka kuwa maji, yakawa mengi, yakawa mekundu, yakawa na povu.

Komba hakulia. Alikuwa na tochi. Wapima barabara waliiangusha wakati wanapima barabara ambayo mpaka leo inapimwa. Tochi nzuri, ya bati, ukibonyeza inafanya *kat!* na mwanga unakwenda mpaka ng'ambo. Jioni ya kwanza ya taa, akapanda juu ya jiwe. Huku wamejaa wote, wanang'aa, wanacheka. Ng'ambo, mbali, mwanga mdogo wa kijani ukafunikwa na kufunuliwa: mfupi, mfupi, mreeefu.

"Yule pale!" Komba akapiga kelele. "Yule pale, wazee! Mnamwona?"

Akaweka kidole kwenye swichi. Kabla hajabonyeza, maji yakafanya bubu, bubu, bubu... PWAA!

Akatokea Kiboko.

Mkubwa! Mnene! Kichwa kama jiwe la kusagia la majitu, masikio mawili madogo yanayosikia sifa tu. Akapanda ukingoni, matope yakimdondoka, akatazama taa moja baada ya nyingine.

"Hizi ni za nani?"

"Zetu, Mheshimiwa," wakasema wote.

"Tazameni majini. Mnaona nini?"

Wakatazama. Taa zote zilikuwa zikimeta juu ya maji, zikicheza na mawimbi.

"Taa," wakasema.

"Maji ni ya nani?"

"Ni yako, Mheshimiwa."

"Kilicho ndani ya maji yangu ni cha nani?"

"Ni chako, Mheshimiwa."

"Basi kama kivuli cha taa ni changu, taa yenyewe itakuwa ya nani? Leteni."

Mnacheka? Kuna mtu alisoma miaka minne akafundishwa hoja dhaifu kuliko hiyo, na akapewa joho. Nani atabishana na meno yale? Wakaleta. Kiboko akakusanya vimulimuli kwenye kibuyu, akakusanya uyoga, akakusanya mti unaong'aa, akakusanya koti la Ngiri. Ngiri akabaki mtupu, umeneja umekwisha. Mwisho akafika kwa Komba.

"Lete tochi."

"Mheshimiwa, tafadhali. Nimulike mara moja tu, halafu nakupa."

"Na macho hayo? Macho kama mwezi na mdogo wake! Wewe unaona gizani kuliko sisi wote. Taa ya nini?"

"Macho yangu ni ya kuona, Mheshimiwa," Komba akasema. "Si ya kuonekana."

"Pole. Lete."

Akaleta.

Tangu siku hiyo, ukingo wa huku ukawa mweusi tititi. Na kila jioni Komba alikaa juu ya jiwe lake, na kila jioni Nyamvula alikuja ng'ambo. Mfupi, mfupi, mreeefu. Anangoja. Mfupi, mfupi, mreeefu. Anangoja. Komba anaona kila kitu kwa macho yale, anaona jani la kufunikia mwanga mkononi mwake, anaona anavyoinua shingo kutafuta jibu. Na hana cha kujibu. Alipiga ukelele, mto ukaumeza. Alirukaruka, giza likamficha. Mvua ikanyesha, akalowa, akakaa. Jioni nyingine Nyamvula akachelewa kuja. Jioni nyingine akamulika mara moja tu, akakaa na mwanga wake chini, ameuinamia.

Nungunungu alimkuta pale, amejikunyata kama kitambaa cha deki.

"We Komba, utapata nimonia."

"Shangazi, kumbikumbi bado?"

"Ardhi imeanza kufura kule kwenye kichuguu. Mvua moja nzuri, au mbili, watatoka."

"Wakitoka mimi nimekufa."

"Ndiyo, baba. Na umekufa ukiwa mchafu. Nenda basi kamwombe yule Kiboko."

"Nimeomba. Ameniambia nirudi nikiwa na uzoefu wa miaka mitano wa kukaa na taa."

"Na taa amechukua yeye."

"Ndiyo hapo sasa."

Nungunungu akatikisa miiba yake, chakacha-chakacha. "Mwanangu, mlango wa mkubwa ukifungwa, usibishe. Tafuta anaogopa nini."

Komba akafikiri. Akalamba maji ya mvua puani. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu vuli ianze, akatabasamu.

Asubuhi akaenda kwenye pango la Kiboko, alimoficha taa zote. Akamkuta amelala mlangoni, jicho moja limefungwa, jicho moja wazi, limekuwa jekundu.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Nini tena?"

"Hapana, nilikuwa napita tu. Nikasema nikupe pole. Maana usingizi huna."

"Nani kasema sina usingizi?"

"Hakuna. Ila nimesikia panya wakizungumza. Ati pango lina mlango wa nyuma."

Kiboko akafungua jicho la pili. "Mlango wa nyuma uko wapi?"

"Wanaujua wao. Mimi si panya." Komba akapangusa mkia. "Ningekuwa na mali kama yako, Mheshimiwa, ningeiweka mahali ambapo mwizi akiingiza mkono, anatoka bila mkono."

"Wapi huko?"

"Aa, mimi ni mdogo, siwezi kumfundisha mkubwa."

"Sema!"

"Mheshimiwa, katika bonde hili lote kuna ghala gani lenye mlango wa meno?"

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwake kulichukua muda, mnajua tena, wakubwa wana ratiba. Kisha akafungua kinywa taratibu, akajitazama majini. Kinywa kile! Waridi, kipana, kirefu, ungeweza kufanyia mkutano wa hadhara mle.

"Kinywani," akasema.

"Hilo umelisema wewe, Mheshimiwa. Mimi nimesikia tu."

Jioni ilipofika, Kiboko akapakia. Uyoga mashavuni, mti unaong'aa chini ya ulimi, vimulimuli wote juu ya ulimi, koti la Ngiri likatandikwa kwenye kaakaa, na tochi ikasimama mbele, kati ya chonge mbili.

"Iache imewaka," Komba akasema. "Taa iliyozimwa utajuaje kama ipo?"

"Kweli kabisa," Kiboko akasema. *Kat!* Na akafunga kinywa. *Kop!* Giza.

"Sasa kaa pale juu ya ukingo, utazame ng'ambo. Kuna taa nyingine kule, zinamulika ndani ya maji yako na bado hazijaletwa. Wakuone. Waanze kujizoeza."

"Mmm-hmm," akasema Kiboko, maana hakuweza kusema zaidi.

Mnaona Komba anakokwenda?

— Tunaona!

Hamuoni bado. Mnadhani kumfungua mkubwa kinywa ni rahisi? Anafunguka akitaka kula, na wakati huo wewe ndiye chakula.

Jioni hiyo ya kwanza, Komba akapanda jiwe akaanza kuchekesha.

"Mheshimiwa, umesikia ya Kobe? Mkewe alimfukuza nyumbani. Kobe akasema sawa. Akaondoka na nyumba."

Kiboko akatulia. Masikio yakacheza. Tumbo likatikisika. Kisha, "Kha!" Kinywa kikafunguka, mwanga ukachomoka, pwaa! mpaka ng'ambo. *Kop!* Kikafunga. "Kha!" *Kop!* "Kha!" *Kop!* "Kha! Kha! Kha!" Akashindwa kujizuia. Mifupi juu ya mifupi! Ng'ambo wote wakasimama na taa zao, wakamulika ovyo ovyo: Nani huyo? Nyumba gani hiyo? Mwanga wa kijani wa Nyamvula ukainuka, ukahesabu, ukahesabu, ukachoka. Ukashuka.

"Acha kucheka basi!" Komba akapiga kelele.

"Mmm?" akasema Kiboko.

"Nasema, unacheka vizuri, Mheshimiwa."

Mchana Kiboko alitema kila kitu pangoni akalala juu yake. Jioni akapakia tena. Lakini kumbukeni, kiboko hula nyasi jua likizama. Sasa jua likizama kinywa kimejaa mali. Tumbo likaanza kunguruma, ngurrr, ngurrr, mali iko kinywani na haimezeki. Tajiri mwenye njaa! Ila kuitema, hataki. Akasema moyoni akitema itaibwa. Na mwanga wa tochi nao ulikuwa umeanza kuwa wa njano, kama chai ya maziwa machache.

Jioni ya pili Komba akasema, kicheko kimenishinda, leo tujaribu usingizi. Akasimama juu ya jiwe, akakohoa, akaanza hotuba.

"Mheshimiwa Kiboko, itifaki zote zikiwa zimezingatiwa. Kabla sijasema machache niliyo nayo, ningependa kwanza kuwatambua waliotangulia kusema machache. Na kabla sijawatambua hao, nisingetenda haki nisipomshukuru aliyeandaa viti, ingawa leo tumesimama..."

Hajafika hata kwenye viti vyenyewe, Kiboko akapiga mwayo. Aaaaaauuuuuu! Kinywa kikafunguka kama mlango wa godauni. Mwanga mrefu, mrefu, ukamulika ng'ambo yote, mti kwa mti. Komba akaruka kwa furaha, akatua mikono kichwani. Mrefu mmoja! Mrefu peke yake!

Ng'ambo wakaona: maji yanapanda, kimbieni! Taa zote zikageuka. Taa zote zikapanda kilima, zikagongana, zikaanguka, zikainuka. Na ile ya kijani nayo ikaenda nazo, ikapanda, ikapanda, ikawa ndogo kama punje ya mtama. Ikazimika.

Komba akabaki akitazama kilima cheusi.

"Mmm-hmm?" akauliza Kiboko, anataka hotuba iendelee. Kuna wakubwa wanaopenda kulala hotubani, ndiyo starehe yao.

"Nyamvula," Komba akasema. Mto ukalimeza jina hilo pia.

Siku ya tatu mvua ilinyesha kutwa nzima. Ikakatika alasiri. Jua likatoka dakika chache, ardhi ikatoa mvuke, na kwenye kichuguu udongo ukaanza kupasuka, tik, tik, tik. Nungunungu akaja mbio, na nungunungu hakimbii ovyo.

"Komba! Wanatoka! Wametoa vichwa!"

"Ng'ambo kuna mtu?"

"Wanashuka kutoka kilimani. Lakini Komba... hawana taa. Wamekuja wamejifunika vichwa. Wanakaa chini."

"Matanga."

"Ndiyo, mwanangu. Yako."

Komba akatazama. Kwa macho yale aliona kila kitu. Aliwaona wazee wa ng'ambo wakitandika majani. Alimwona mama mkwe, amepona, ameshika kiuno, na usoni kama mtu aliyelitabiri jambo. Alimwona Nyamvula amekaa katikati, kile kipande cha mti amekifunga ndani ya jani, amekiweka mapajani.

Jua likazama, Kiboko akapakia tena, akakaa ukingoni. Komba akashuka jiweni. Akaenda mpaka puani kwa Kiboko, karibu kabisa, anasikia pumzi moto na njaa ndani yake.

"Mheshimiwa, leo nina moja ya Ngiri. Moja tu. Ukicheka zaidi ya mara moja, panya watajua kilichomo. Umenisikia? Kha moja, halafu unabana."

"Mmm."

"Ngiri alikwenda kuposa. Akamwambia mama mkwe, 'Mama, usiangalie sura yangu, angalia tabia.' Mama mkwe akamchunguza wiki nzima. Akasema, 'Mwanangu, tabia nimeiona. Hebu turudi kwenye sura.'"

"Kha!" *Kop!*

Mfupi.

Ng'ambo, kichwa kimoja kikainuka.

"Ngiri akasema, 'Basi mama, vipi tukizima taa?'"

"Kha!" *Kop!*

Mfupi.

Ng'ambo, Nyamvula amesimama. Wenzake wanamvuta kanga akae. Hakai.

"Na sasa, Mheshimiwa," Komba akasema, na sauti yake ikatetemeka hata akashindwa kuifanya ya kikubwa, "itifaki zote zikiwa zimezingatiwa. Kabla sijasema machache niliyo nayo. Ningependa kuwatambua wote ambao hawapo. Ambao wako mbali. Ambao tunawaona na hawatuoni. Kabla sijawatambua kwa majina, naomba nimshukuru aliyeandaa viti..."

Kwenye viti, Kiboko akashindwa.

Aaaaaaaauuuuuuuuuu!

Mreeeeeefu! Tochi, vimulimuli, uyoga, mti wa kijani, na koti la Ngiri likirudisha vyote mara mbili! Ukingo wote ukawa mchana. Mpaka kichuguu kikaonekana, na juu ya kichuguu wakaonekana kumbikumbi, maelfu kwa maelfu, ndiyo kwanza wanafungua mbawa.

Na kumbikumbi wakiona mwanga wanafanya nini?

— Wanaufuata!

Fvvvvvvvv! Wakaja kama mchele unaomwagwa. Wakaingia kinywani mwa Kiboko, wakaingia puani, wakavua mbawa zao kwenye ulimi wake kama wageni wanaovua viatu mlangoni. Kiboko akataka kufunga, hakuweza. Akataka kumeza, hakuweza. Macho yakamtoka. Pua ikacheza. Ha... haa... haaa...

"Shangazi, lala chini!" Komba akapiga kelele.

HAAA-CHYAAA!

Kila kitu kikatoka. Uyoga ukaruka kwa Kobe. Koti likaruka, likamvika Ngiri nyuma mbele. Vimulimuli wakapaa wote kwa pamoja. Hawakuuliza ni nani mwenyewe sasa, hawakungoja miiba ya mtu, waliondoka tu, juu, juu, mpaka wakapita matawi. Na tochi ya Komba ikazunguka hewani, kat-kat-kat, ikadumbukia mtoni, *chubwi!* Haikuzimika mara moja. Ilikwenda na maji chini kwa chini, imewaka njano, ikamulika samaki, ikamulika mawe, ikapinda kwenye kona ya mto. Ikaenda.

Kiboko naye akapiga mbio kwenye nyasi, akala, akala, akala, huku akitema mbawa. Mpaka leo mtazameni jioni ukingoni: anapiga mwayo mkubwa, anakaa kinywa wazi. Wataalamu wanasema anaonyesha ubabe. Ubabe gani! Anatafuta kama imebaki hata moja.

Giza likarudi. Komba akapanda jiwe lake, mikono mitupu. Nungunungu akasimama nyuma yake.

Wakangoja.

Ng'ambo giza.

Wakangoja.

Ng'ambo, jani likafunuliwa. Kijani. Mfupi. Likafunikwa. Mfupi. Likafunikwa. Kisha mreeeefu, mrefu mno, mrefu kuliko mila inavyoruhusu, kana kwamba aliyeshika amesahau kufunika. Kilio cha matanga kikageuka vigelegele. Havikusikika, lakini Komba aliviona kwenye midomo yao.

Halafu, pembeni ya mwanga ule, chini, karibu kabisa na majani, ukawaka mwingine. Mdogo, kama chembe ya uyoga. Ulishikwa na mkono mchanga usiojua kushika. Ukayumba. Ukafanya mfupi. Ukaanguka. Nyamvula akauokota, akaurudisha kwenye mkono uleule mdogo, na ukafanya tena mfupi.

"Komba," Nungunungu akanong'ona, "macho yangu ni ya uzee. Yule ni nani yule?"

Komba alikuwa ameinua mkono wake juu gizani. Hana tochi, hana uyoga, hana hata kimulimuli. Akaufungua mkono, akaufumba. Akaufungua, akaufumba. Kisha akaufungua, vidole vyote vitano, akauacha wazi, mvua ikaanza tena, ukajaa maji, na bado akauacha wazi.

Basi watoto, tumefunzwa nini? Tumefunzwa kuwaheshimu wakubwa wetu, maana mwanga wote hutoka vinywani mwao. Tumefunzwa kwamba hotuba ndefu huunganisha familia. Na tumefunzwa tuvumilie, kila mtu atafikiwa na taa yake, kikubwa ni kuwa na uzoefu.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni na walio ng'ambo. Ikiwa chungu, nirudishieni nitafune mwenyewe. Mimi nipo tu, siendi kazini.